Yuda: Kutoka Kumuuza Ndugu Hadi Kumdhamini

Yuda alikuwa mtoto wa nne wa Yakobo na Lea. Kitabu cha Mwanzo hakifichi aibu zake: aliwashauri ndugu zake wamuuze Yosefu, naye akauzwa kwa vipande 20 vya fedha; kisha akamnyima haki Tamari, mkwewe mjane. Tamari alipomtolea muhuri na fimbo yake, Yuda alikiri waziwazi kwamba mama yule ana haki kuliko yeye.

Baadaye njaa iliwapeleka Misri. Kikombe kilipokutwa kwenye gunia la Benyamini, Yuda, aliyekwisha kujifunga kwa baba yake kuwa mdhamini, aliomba abaki yeye mtumwa badala ya mdogo wake. Yakobo bado aliwapendelea watoto wa Raheli. Aliyebadilika ni Yuda.

Sisi wa Mgeta tunajua uzito wa kumdhamini mtu kwenye mkopo wa kikundi: akishindwa, unalipa wewe. Yuda aliweka rehani uhuru wake. Katika ukoo wake, kupitia Peresi mwana wa Tamari, alizaliwa Daudi, na hatimaye Kristo, aliyelipa deni letu sote.

Ndugu msomaji, ni nani leo anahitaji umsimamie?