Kleist Sykes na Nyumba ya New Street



Safari hii tunamkumbuka mtu asiye wa kwetu. Kleist Sykes alizaliwa mwaka 1894, mtoto wa Mzulu aliyeletwa na jeshi la Wajerumani. Naye alipigana upande wao katika Vita Kuu ya Kwanza, kisha chini ya Waingereza akawa karani wa reli, reli ile ile inayopita Gulwe kwenda Dodoma.

Mwaka 1929 yeye na wenzake walianzisha African Association, akawa katibu wake wa kwanza. Wengi walikuwa makarani na walimu, mchana kazini, jioni barazani. Walitaka pa kukutania. Sisi tunaoshika daftari za fedha tunapenda sana sehemu hii: hawakungoja serikali wala tajiri. Wanachama walijitolea, wakajenga nyumba yao New Street, Dar es Salaam, mtaa tunaouita leo Lumumba. Matawi yakaenea bara, Dodoma ikiwemo.

Kleist alifariki mwaka 1949. Hakuiona tarehe 7 Julai 1954, TANU ilipozaliwa ndani ya nyumba hiyo, wanawe Abdulwahid na Ally wakiwa miongoni mwa wanachama wa mwanzo.

Darasa letu la Mlali bado limekwama kwenye lenta. Zimebaki mbao, bati na fundi. Ahadi nyingi za mwaka jana, zikiwemo za baadhi yetu wanakamati, hazijalipwa. Orodha iko ukurasa wa nyuma.