Richard St. Barbe Baker na Watu wa Miti

Kipevu ni mahali ambapo bandari, matangi ya mafuta na mikoko vimepakana. Mwaka 2005, mafuta yaliyomwagika kutoka meli ya Ratna Shalini yaliichafua mikoko ya hori ya Port Reitz, na swali la nani mlinzi wa miti likazidi uzito. Swali hilo liliwahi kumkabili Richard St. Barbe Baker huko bara, na jibu alilolipata lilikuwa na jina la Kiswahili.

Baker alizaliwa tarehe 9 Oktoba 1889 huko Hampshire, Uingereza. Alisoma Saskatoon nchini Kanada, akapigana katika Vita vya Kwanza vya Dunia, kisha akabuni nyumba za kukokotwa na gari kwa kutumia mabaki ya ndege. Baadaye alisomea misitu Cambridge, na mwaka 1920 akaja Kenya kuwa afisa wa misitu wa serikali ya kikoloni.

Alikuta misitu ya nyanda za juu imefyekwa, ilhali fedha za kuirejesha zilikuwa haba. Badala ya kutoa amri, alitaka shauri kwa wazee wa Kikuyu. Ikiwa kulikuwa na ngoma za kupanda na za kuvuna, kwa nini isiwepo ngoma ya miti? Tarehe 22 Julai 1922, vijana wapatao 3,000 walikusanyika Muguga. Kwa msaada wa Chifu Josiah Njonjo, 50 miongoni mwao waliteuliwa kuwa Watu wa Miti. Waliapa kupanda miti kumi kila mwaka na kuitunza miti popote ilipo. Hawakulipwa ujira.

Wanafunzi wa lugha wazingatie jina hilo. Chama kilipoenea Uingereza, jina lilifasiriwa kwa Kiingereza kwa maana ya wanaume wa miti. Neno 'watu' halibagui jinsia. Tafsiri ndiyo iliyobagua. Baada ya kifo cha mwanzilishi, chama hicho kilibadilisha jina lake la Kiingereza, na neno la wanaume likaondoka.

Baker alihamishiwa Nigeria, akatetea misitu mikongwe ya California, na mwaka 1952 akaongoza msafara wa kuvuka Sahara ili kuchunguza kuenea kwa jangwa. Alifariki Saskatoon tarehe 9 Juni 1982 akiwa na umri wa miaka 92, siku chache tu baada ya kupanda mti wake wa mwisho.

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Hata hivyo, huko Muguga mwenyeji ndiye aliyetoa ngoma, kiapo na mikono ya kupanda. Sifa ikamwendea mgeni, na majina ya wale vijana 50 hayafahamiki kwa wengi. Wanaopanda mikoko kandokando ya hori za Mombasa leo wanastahili bahati iliyo bora: miche yao inapohesabiwa, majina yao nayo yaandikwe.