Herbert Baker: Jamaa Aliyechora State House, na Bili Iliyotumwa Ocha

State House Nairobi huonekana kwa tivii karibu kila wiki. Nguzo nyeupe, ngazi, nyasi imenyolewa fiti, wakubwa wamejipanga wakipigwa picha. Wasee wengi wa Siongiroi hawajawahi kupita lango lake, lakini sura yake wanaijua vizuri. Ni wangapi wanajua nani aliichora?

Jina ni Herbert Baker. Ukipita Waiyaki Way uone Nairobi School, hiyo ni kazi yake. State House ya Mombasa pia ni yeye. Jengo la Mahakama ya Juu pale tao ni la Baker na msaidizi wake, Jan Hoogterp. Na hapo bado hatujafika Pretoria, Delhi na London. Stori ya huyu mzee ni tamu, lakini pia ina machungu yake.

Alianzia wapi?

Baker alizaliwa tarehe 9 Juni 1862 kule Cobham, jimbo la Kent, Uingereza. Kwao kulikuwa na nyumba inaitwa Owletts, mjengo wa matofali mekundu wa karne ya 17. Kwa hivyo alikua akiishi ndani ya historia, si kuisoma tu kwa vitabu.

Mwaka wa 1879 alianza kufunzwa kazi ya kuchora majengo na binamu yake. Baadaye akaingia ofisi ya Ernest George, moja ya zile zilizokuwa zinavuma London. Huko ndiko alipatana na kijana mwingine mkali, Edwin Lutyens. Wakawa mabeshte. Shika hilo jina, litarudi.

1892 Baker akapanda meli hadi Cape, Afrika Kusini. Hata hakuwa anafuata mambo ya majengo. Alienda kumsaidia ndugu yake kuanzisha shamba la matunda! Lakini hustle ni hustle. Haukupita muda akakutana na Cecil Rhodes, bwanyenye wa almasi na waziri mkuu wa Koloni ya Cape. Rhodes akampa nyumba yake, Groote Schuur, aitengeneze. Nyumba ikashika moto 1896, na Baker akaijenga tena.

Rhodes aliona huyu kijana ana kitu. Mwaka wa 1900 akamlipia safari ya Italia, Ugiriki na Misri, aende ajionee majengo ya wazee wa kale. Hapo ndipo Baker aliiva kabisa.

Italia kulikuwa na nini?

Karne ya 15 na 16, mafundi wa Italia walirudi kwa magofu ya Warumi, wakayapima na kuanza kujenga upya kwa hesabu zile za kale. Kipindi hicho ndicho kinaitwa Renesansi. Mmoja wao, Andrea Palladio (1508 hadi 1580), alichukua uso wa hekalu, yaani nguzo kubwa zenye pembetatu juu, akaubandika mbele ya nyumba ya tajiri shambani. Urefu, upana na kimo vyote vikaenda kwa uwiano. Ukikata nyumba katikati, kushoto na kulia zinafanana kama uso wa mtu.

Hiyo staili ilivuka hadi Uingereza na ikapendwa na wenye nguvu. Si ngumu kuona kwa nini. Nyumba ya Palladio inakufanya usimame wima hata kabla mwenyewe hajatoka. State House Nairobi ni mtoto wa ukoo huo.

Pretoria, halafu bifu ya Delhi

Rhodes alifariki 1902, lakini Baker alikuwa ameshaomoka. Akahamia Johannesburg, na kati ya 1910 na 1913 Union Buildings ikasimama Pretoria. Ni mabawa mawili makubwa yaliyounganishwa na safu ya nguzo iliyopinda. Yale mabawa yalimaanisha Waingereza na Makaburu wamepatana. Mwafrika, aliyekuwa wengi kuliko wote wawili, hakupewa bawa lolote.

Baadaye Waingereza wakaamua kujenga mji mkuu mpya India, na kazi ikapewa Lutyens na Baker pamoja. Lutyens achore jumba la gavana mkuu, Baker achore ofisi za serikali mbele yake kwenye kilima. Mabeshte wawili, kazi moja, doo ya ufalme. Nini ingeharibika?

Barabara. Ofisi za Baker ziliwekwa juu ya kilima, na barabara ikapanda katikati yake kwa mwinuko mkali. Ukitoka mbali unaliona jumba la Lutyens vizuri, lakini ukikaribia linazama nyuma ya mwinuko, linabaki kuba tu. Lutyens akawaka. Shida ni kwamba yeye mwenyewe alikuwa ameweka sahihi kwa mpango huo 1913. Alipigania barabara ichimbwe chini, akashindwa. Urafiki wa miaka mingi ukaisha hivyo, na kwa muda mrefu wakawa hawasemezani.

Anatua Kenya

Mwaka wa 1925 Edward Grigg alikuja Kenya kama gavana, na alitaka koloni lionekane koloni. Akamleta Baker. Zikachorwa nyumba za gavana Nairobi na Mombasa, na shule ya vijana wa kizungu, Prince of Wales, iliyofunguliwa 1931. Leo hiyo ndiyo Nairobi School.

Tumpe haki yake: Baker alijua jua. Hakubandika tu staili ya Italia bila kufikiria. Aliweka varanda ndefu zenye matao na nguzo, utembee kivulini kutoka mlango mmoja hadi mwingine. Kuta nene, dari juu, ua wa kati wa kupitisha hewa. Hakuna haja ya feni. Ni akili ambayo wajenzi wa siku hizi, na vioo vyao vya kupika watu ofisini, wangeiga.

Lakini nani alilipa?

Miaka hiyohiyo kila Mwafrika alikuwa analipa kodi ya nyumba. Ndio, nyumba yako mwenyewe ya msonge, uliyoiezeka mwenyewe kwa nyasi. Mzee mwenye wake watatu na nyumba tatu alilipa mara tatu. Kiwango kilikuwa shilingi 12, baada ya kelele za akina Harry Thuku kukishusha kutoka 16. Kwa vibarua wengi, shilingi 12 ilikaribia mshahara wa mwezi mzima.

Na huku kwetu? Ni miaka hiyo ya 1920 ambapo kampuni kubwa za chai zilikuwa zinajikita Kericho, kwa ardhi ya Wakipsigis. Meneja akapewa bangalo la varanda juu ya mlima, mchuma chai akapewa chumba kwa laini. Kwa hivyo babu wa Chepalungu alitozwa kwa kuwa na msonge, na pesa ikaenda kwa serikali iliyokuwa inajijengea nguzo za Palladio. Hakualikwa hata kuziona.

Mwisho wake

Baker alipewa cheo cha Sir 1926. London pia alijenga sana, ingawa alilaumiwa vikali kwa kubomoa kazi kubwa ya John Soane alipoijenga upya Benki Kuu ya Uingereza. Alifariki Februari 1946 palepale Owletts alipozaliwa, na majivu yake yakazikwa Westminster Abbey.

Majengo yake yaliendelea kuishi, na yakabadilisha wenyewe. Agosti 1956 wanawake kama 20,000 waliandamana hadi Union Buildings kupinga pasi. Mei 1994 Mandela akaapishwa papo hapo, kwa jengo ambalo halikuwa na bawa lake. Bunge la duara alilochora Delhi lilitumiwa na India huru hadi 2023. Na kwetu, nyumba ya gavana ikawa State House.

Ndio maana 2025, picha za ukarabati wa State House na paa lake jipya ziliposambaa, Wakenya walichemka mtandaoni. Wengine walilia sura ya zamani imepotea. Wengine waliuliza tu imegharimu pesa ngapi. Yote mawili ni maswali halali. Ile nyumba ni kali, na anayependa majengo ana haki ya kuitetea. Lakini bili yake ya kwanza ililipwa na watu wa misonge, na hawakuulizwa. Wajukuu wao wakiulizia bili ya leo, wajibiwe.