Allidina Visram na Chimbuko la Soko la Wageni Mombasa

Utangulizi

Historia ya hoteli za Mombasa aghalabu husimuliwa kuanzia ufukweni: Nyali mwaka 1946, kisha Bamburi, Shanzu na Diani, na baadaye watalii walioteremka katika Uwanja wa Ndege wa Moi baada ya kiwanja cha Port Reitz kupanuliwa na kuwa cha kimataifa mwaka 1979. Masimulizi ya namna hiyo huiacha nje nusu karne nzima iliyotangulia. Katika kipindi hicho wageni wa Mombasa walikuwa wafanyabiashara, mabaharia, wamisionari, maofisa wa serikali na vibarua wa reli, nao walifikia kisiwani, si ng'ambo ya maji.

Makala haya yanaangazia maisha ya Allidina Visram (1851-1916), mfanyabiashara ambaye jina lake hutajwa kwa maduka kuliko kwa hoteli. Hata hivyo, ni vigumu kueleza jinsi Mombasa ilivyogeuka kuwa mji wa kupokea wageni kwa malipo bila kuyataja maduka hayo. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba soko la wageni husimama juu ya imani: mgeni aamini kwamba atapata mahali pa kulala, chakula na mkopo aendako, na mwenyeji aamini kwamba atalipwa. Visram aliisambaza imani hiyo kutoka pwani hadi Kongo. Maisha yake yanaonyesha pia udhaifu wa imani inayofungamanishwa na jina la mtu mmoja.

Kutoka Kera hadi Bagamoyo

Allidina Visram alizaliwa mwaka 1851 katika kijiji cha Kera, eneo la Kutch, magharibi mwa India, katika jamii ya Khoja Ismaili. Mwaka 1863, akiwa na umri wa miaka 12 na hana mali yoyote, alivuka bahari hadi Unguja. Vijana wengi wa Kutch waliifuata njia hiyo. Majahazi yaliletwa Afrika Mashariki na pepo za kaskazi na kurudishwa na pepo za kusi, na kila msimu uliacha pwani watu wachache waliokata shauri kubaki.

Alipata kazi Bagamoyo katika nyumba ya biashara ya ukoo wa Sewa Haji Paroo, ukoo uliokuwa na sifa kubwa katika kuandaa misafara ya bara. Kazi hiyo ilikuwa chuo tosha. Msafara ulihitaji vitambaa, shanga, nyaya za shaba na chumvi. Ulihitaji wapagazi, kila mmoja akibeba mzigo wa takriban frasila mbili, yaani kilo 30 na ushei. Zaidi ya yote ulihitaji mkopo, kwa sababu bidhaa zilitoka Bagamoyo leo na pembe za ndovu zilirejea baada ya miezi mingi, pengine mwaka na zaidi. Aliyekopesha hakuwa na mahakama wala polisi wa kumfuata mdeni hadi Ujiji. Alikuwa na jina la mdeni, na sifa aliyoiacha njiani.

Mwaka 1877 Visram alianza kutuma misafara yake mwenyewe. Aliuza nguo na chumvi, akanunua pembe, nta, asali na karafuu. Badala ya kungoja bidhaa pwani, alifungua matawi katika njia yenyewe: Dar es Salaam, Sadani, Tabora na Ujiji. Sewa Haji alipofariki mwaka 1897, akiacha nyuma misaada ambayo jina lake limehifadhiwa hadi leo katika Hospitali ya Muhimbili, Visram alichukua sehemu kubwa ya biashara ile ya misafara. Lakini tayari alikwisha kung'amua kwamba zama za mpagazi zilikuwa zinafika ukingoni.

Ugeni wa Mji wa Kale

Ili kufahamu mabadiliko aliyoyakuta Mombasa, ni muhimu kuutazama kwanza mji ulivyokuwa ukipokea wageni. Mombasa ya karne ya 19 ilikuwa ni Mji wa Kale, chini ya kivuli cha Ngome ya Yesu iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593. Majahazi yalitia nanga katika bandari ya kale, upande wa mashariki wa kisiwa. Mgeni aliyekuja na kaskazi alilazimika kungoja kusi, na kungoja huko kulichukua majuma au miezi.

Wengi walilala majahazini. Wenye jamaa au washirika wa biashara walifikia nyumbani kwao, katika nyumba za ghorofa zilizokuwa na duka au ghala chini na makazi juu. Mwenyeji alimlisha mgeni, akamtafutia wanunuzi, akamdhamini mbele ya watu, na faida yake ilitoka katika biashara iliyofuata. Hakukuwa na bei ya kitanda. Ukarimu huo haukuwa bure kabisa, kama inavyokumbusha methali inayotaka mgeni apewe jembe siku ya tatu. Ila malipo yake yalipimwa kwa udugu na ushirika, si kwa sarafu.

Utaratibu huu ulitosha wageni wakiwa wachache na wanaojulikana. Haukuweza kubeba maelfu ya watu wasio na jamaa kisiwani.

Reli, Duka na Hundi

Maelfu hayo yaliletwa na reli. Uingereza ilitangaza himaya yake juu ya eneo hili mwaka 1895, na mwaka uliofuata ujenzi wa Reli ya Uganda ukaanza Mombasa. Vibarua wapatao 32,000 waliletwa kutoka India katika miaka ya ujenzi, na takriban 2,500 kati yao walipoteza maisha. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899 na ziwani Kisumu mwaka 1901. Mombasa, ambayo kwa karne nyingi ilitazama bahari, ikageuka kuwa mlango wa bara.

Visram alihamishia makao makuu ya biashara yake Mombasa mwishoni mwa karne ya 19. Alishughulika na kuwapatia chakula vibarua wa reli, na kila reli iliposonga mbele, duka lake nalo lilisonga. Mwaka 1898, kabla hata reli haijaufikia uwanda wa Nairobi, alikuwa amekwisha kufungua tawi Kampala. Katika miaka michache alikuwa na matawi zaidi ya 30, na baadaye biashara yake ikaenea hadi Kongo. Alimiliki mashamba, viwanda vya kuchambua pamba, vya kukamua mafuta na vya kupasua mbao, pamoja na vyombo vya usafiri vya nchi kavu na vya Ziwa Viktoria. Watu wakamwita mfalme wa Uganda asiyevikwa taji.

Wingi wa maduka hauelezi kila kitu. Jambo la msingi ni kwamba maduka hayo yaliunganishwa. Msafiri hakulazimika tena kubeba mali yake yote, kwa kuwa alichokihitaji angekinunua mbele ya safari. Mahali pasipokuwa na benki, jina la Visram lilitosha kuwa dhamana. Maofisa, wamisionari na wafanyabiashara wadogo walinunua kwake kwa mkopo. Vijana kutoka India waliokuja mikono mitupu, kama alivyokuja yeye, walipewa bidhaa wakaanzishe maduka yao. Safari ya bara, ambayo zamani ilikuwa shughuli ya msafara wa mamia, sasa iliwezekana kwa mtu mmoja mwenye tiketi ya gari moshi.

Mwanafunzi wa Kiswahili ana la kuzingatia hapa. Maneno duka, gari, hundi, rupia, laki na bepari yanabeba athari za lugha za Bara Hindi, na historia yake haiwezi kutenganishwa na biashara za akina Visram na waliowatangulia. Maneno hayo yaliingia pwani, kisha yakapanda bara pamoja na bidhaa. Mwenye duka Mhindi huko Tabora au Jinja hakuongea na wateja wake kwa Kigujarati wala kwa Kiingereza. Aliongea nao kwa Kiswahili, hata kama kilikuwa cha kuungaunga. Hivyo kila duka lililofunguliwa kando ya njia likawa pia kituo cha kueneza lugha. Wanaisimu wanapozitaja sababu za kuenea kwa Kiswahili katika enzi ya ukoloni, kaunta ya duka inastahili nafasi pamoja na shule, kanisa na jeshi.

Kisiwa Chabadilika

Abiria waliosubiri meli au gari moshi ndio waliozaa hoteli za kwanza za Mombasa. Mgeni huyu mpya hakungoja upepo ugeuke, alingoja ratiba. Alikaa siku mbili au tatu, hakumjua mtu yeyote mjini, na alikuwa tayari kulipia kitanda. Africa Hotel ya Mji wa Kale, jengo la ghorofa katika mitaa ile ile ya wafanyabiashara, ni miongoni mwa hoteli za mwanzo kabisa mjini. Magari madogo ya reli yaliyosukumwa na watu kwa mikono yaliwabeba maofisa na wageni kutoka mjini hadi Kilindini.

Kilindini ndiyo iliyouvuta mji kuelekea magharibi. Gati za kina kirefu zilizoanza kutumika mwaka 1926 ziliziwezesha meli kubwa kufunga nchi kavu, na bandari ya kale ikabakia na majahazi. Hoteli, benki na ofisi za meli zikaifuata barabara ya Kilindini, ambayo leo ni Moi Avenue. Daraja la Nyali la mwaka 1931 likafungua ng'ambo ya kaskazini, na hoteli ya ufuko wa Nyali ikafuata miaka 15 baadaye. Hivyo soko la wageni lilihama mara mbili, kutoka sebule ya mwenyeji hadi hoteli ya mjini, kisha ufukweni, na kila mara liliifuata njia ya usafiri.

Lugha nayo imehifadhi kumbukumbu ya safari hiyo. Nchini Kenya neno hoteli hutumika mno kwa maana ya mahali pa kula, na anayetafuta pa kulala hulazimika kufafanua au kusema gesti. Matumizi hayo si upotofu wa kubezwa. Kwa mwananchi wa kawaida, kilichobadilika kwanza ni kwamba chakula, ambacho mgeni alikipata kwa mwenyeji wake, sasa kiliuzwa. Kitanda kilimhusu mwenye uwezo. Sahani ilimhusu kila mtu.

Kifo na Kuporomoka

Allidina Visram alifariki tarehe 30 Juni 1916, baada ya kushikwa na homa katika safari ya kibiashara ya Kongo. Alikuwa na umri wa miaka 65 na bado alikuwa akiyakagua matawi yake mwenyewe. Maelezo hayo mafupi yana mengi ndani yake. Mfumo uliokuwa umeenea katika nchi kadhaa ulikuwa bado unategemea macho, kumbukumbu na neno la mtu mmoja. Alijua nani amekopa nini na nani anaaminika, na maarifa hayo hayakuwa rahisi kurithishwa.

Mwanawe, Abdulrasul, aliendeleza biashara na akajenga shule ya sekondari Mombasa kwa kumbukumbu ya baba yake. Shule hiyo, Allidina Visram, ilifunguliwa mwaka 1923. Abdulrasul alifariki mwaka huo huo. Himaya ya maduka haikudumu baada yake. Ilisambaratika, na nafasi yake ikachukuliwa na wafanyabiashara wengine, baadhi yao wakiwa wale wale waliokopeshwa na Visram walipoanza.

Katika kuyatathmini maisha haya ni vyema kujiepusha na sifa zisizo na mipaka. Utajiri wa misafara ulibebwa na migongo ya wapagazi na ulitokana na kuuawa kwa ndovu wengi. Reli aliyoihudumia ilikuwa chombo cha mkoloni, na vibarua aliowalisha walikufa kwa mamia. Visram hakuuanzisha mfumo huo, lakini aliustawisha na akastawi nao. Wakati huo huo, hakuwa mtu wa kujilimbikizia tu. Alitoa misaada ya ujenzi wa shule na alichangia, yeye Mwismaili, kanisa kuu la Namirembe, Kampala.

Hitimisho

Maisha ya Allidina Visram yanadhihirisha kwamba soko la wageni la Mombasa halikuanza na mchanga mweupe wa fukwe. Lilianza pale ambapo mgeni asiyejulikana aliweza kuaminiwa na kuamini. Tukio la Likoni la Agosti 1997 na shambulio la bomu la Kikambala la Novemba 2002 yalithibitisha jambo hilo kwa uchungu: fukwe zilibaki pale pale, vitanda vilibaki pale pale, lakini wageni walitoweka kwa sababu imani ilikuwa imetoweka. Tangu mwaka 2017 reli mpya imeunganisha tena Mombasa na Nairobi, na stesheni yake iko Miritini, nje ya kisiwa. Ikiwa historia ni mwalimu, soko litaifuata njia hiyo pia, na Mji wa Kale utahitaji sababu nyingine ya kumfanya mgeni avuke Makupa.

Kuhusu Visram mwenyewe, maduka yake yamepotea na hundi zake zimeoza. Kilichobaki ni shule, ambayo haikuhitaji kumbukumbu ya mtu mmoja ili iendelee kufunguliwa kila asubuhi. Wanafunzi wake wengi leo hawana nasaba yoyote na Kera wala Kutch, na hawalazimiki kumjua aliyepewa jina la shule ili wafaidi. Kati ya mikopo yote aliyoitoa, huo ndio ambao bado unalipwa.