Al-Khwarizmi na Kitu Kisichojulikana

Muhammad bin Musa alizaliwa karibu na mwaka 780. Watu walimwita Al-Khwarizmi, yaani mtu wa Khwarizm, nchi iliyo kusini ya Bahari ya Aral. Alifanya kazi Baghdad, katika enzi ya Khalifa al-Maamun, aliyetawala tangu 813 hata 833. Khalifa huyo alipenda sana elimu, akawakusanya wataalamu katika Nyumba ya Hekima.

Siku zile mtu akifa, kugawa mali yake kulikuwa kazi ngumu. Kwanza deni lilipwe, kisha wasia utimizwe, ndipo kila mrithi apewe fungu lake kwa sheria. Hesabu ikikosewa, yatima hudhulumiwa, na ndugu huanza kuchukiana. Basi Khalifa alimhimiza Al-Khwarizmi atunge kitabu cha hesabu zihitajiwazo na watu katika urithi, biashara, na kupima mashamba. Akakitunga yapata mwaka 820, na karibu nusu yake ni mambo ya urithi.

Njia yake ilikuwa hii: lile lisilojulikana alilipa jina, akaliita kitu, kisha akalihesabu kana kwamba amekwisha kulijua.

Fikirini watu watatu wanaoteremka kutoka Newala kwenda Masasi, kila mmoja na kikapu cha korosho, navyo vimejaa sawasawa. Njiani kikapu cha mmoja chapasuka, pishi 2 zapotea. Huko Masasi korosho zachanganywa, zapimwa, nazo ni pishi 25. Kila mtu alipwe kwa pishi ngapi?

Kikapu kimoja kilichojaa na tukiite kitu. Basi vitu vitatu kasoro 2 ni sawa na 25. Turudishe zile 2 zilizopotea. Lakini upande mmoja ukiongezwa, na wa pili uongezwe vile vile, kama mizani. Sasa vitu vitatu ni sawa na 27, na kitu kimoja ni 9. Mwenye kikapu kilichopasuka atalipwa kwa pishi 7, na wenzake kwa 9 kila mmoja.

Kurudisha huko huitwa kwa Kiarabu al-jabr, na ndiko lilikotoka jina la aljebra. Yeye hakutumia herufi kama x. Hata hesabu zenyewe aliziandika kwa maneno matupu. Desturi ya x ilienea baada ya kitabu cha Descartes, Mfaransa, cha mwaka 1637.

Al-Khwarizmi alifariki karibu na mwaka 850. Mwaka 1145 Robert wa Chester, Mwingereza aliyekuwa Hispania, alikifasiri kitabu chake kwa Kilatini, na wanafunzi wa Ulaya wakaanza kukisoma.