Austin Bradford Hill: hakukuwa munganga, lakini alifundisha wanganga kuhesabu

Hapa Kasumbalesa, na mu miji ya shaba yote mpaka Lubumbashi, tunajua wazee wenye walikohoa miaka mingi nyuma ya kazi ya mugodi. Mumoja anasema ni vumbi, mwingine anasema ni tumbaku, mwingine kifua kikuu, mwingine tena anasema walimuroga. Ukweli utajulikana namna gani? Leo, ndugu wasomaji, tunawaelezea maisha ya mutu mwenye alitafuta jibu ya ulizo la namna hii kazi yake yote.

Austin Bradford Hill alizaliwa London mu mwaka wa 1897. Baba yake, Leonard Hill, alikuwa musomi mukubwa wa mambo ya mwili, na kijana naye alitaka kusomea unganga. Lakini vita ya 1914 ikaingia. Akawa rubani wa ndege mu jeshi la majini, wakamutuma upande wa Ugiriki, na kule kifua kikuu kikamushika. Wakamurudisha kwao sawa mutu wa kufa. Alilala kitandani karibu miaka miwili. Hakukufa, lakini njia ya unganga ilikuwa imefungwa, juu masomo yale yanaomba nguvu mingi. Akasomea uchumi kwa njia ya barua, na Iniversite ya London ikamupa diplomi mu 1922.

Rafiki wa baba yake, Major Greenwood (Major ni jina tu, hapana cheo cha jeshi), njo alimufungulia mulango wa statistiki ya magonjwa. Hill alihesabia magonjwa ya watu wa kazi wa viwanda vya pamba kule Lancashire. Kiisha akawa mwalimu mu shule ya London ya afya na magonjwa ya inchi za joto. Mu 1937 alitoa kitabu cha kufundisha wanganga hesabu kwa maneno mepesi, na mu 1945 akakamata kiti cha Greenwood, akawa profesa.

Nyuma ya vita ya pili, dawa mupya ya kifua kikuu ilitoka Marekani: streptomisini. Uingereza ilikuwa na kidogo tu, haikutosha wagonjwa wote. Nani apewe? Kama munganga anachagua mwenyewe, labda atachagua wenye nguvu, na nyuma tutasema dawa ni nzuri kumbe ni wagonjwa njo walikuwa na nguvu. Hill akasema: tupige kura. Majina yakaenda kwa bahati, mu bahasha zenye kufungwa. Wagonjwa 55 walipewa dawa na kupumuzika kitandani, 52 walipumuzika tu sawa ilivyokuwa desturi. Kiisha miezi sita, mu wale wa dawa walikufa 4. Mu wale wengine walikufa 14. Matokeo yalitangazwa mu 1948. Yule mwenye kifua kikuu kilimunyima unganga, njo alionyesha dunia namna ya kupima dawa ya kifua kikuu.

Lakini dawa moja peke yake haikutosha, juu mikrobe ilizoea. Ilipashwa kuchanganya dawa, na watu walizimeza mwaka na nusu ao kupita. Kuanzia 1970, wanganga wa Uingereza pamoja na wale wa Kenya, Uganda, Tanzania na jirani yetu Zambia walifwata njia ileile ya kura, wakaonyesha kama miezi sita inaweza kutosha. Mugonjwa mwenye anameza dawa zake miezi sita leo, afya yake inapita mu hesabu ile.

Tumbaku nayo Hill aliishitaki. Pamoja na munganga Richard Doll, mu 1950 alionyesha kama wenye kansa ya mapafu walikuwa wavutaji kuliko wagonjwa wengine. Mu 1951 wakaandikia wanganga wa Uingereza barua. Zaidi ya 40,000 wakajibu, na wakawafwata miaka na miaka.

Kwa sisi watu wa migodi, kazi yake kubwa ni ile ya kiwanda cha kusafisha nikeli kule Wales. Hill aliangalia vifo vya wafanyakazi na wale wa pansio toka 1929 mpaka 1938. Hakuuliza tu ni wangapi walikufa. Aliuliza: kama wangekuwa watu wa kawaida wa miaka ileile, wangekufa wangapi? Kwa kansa ya mapafu ilipashwa kuwa kama 1, walikufa 16. Kwa kansa ya pua haikupashwa kufika hata 1, walikufa 11. Magonjwa mengine yalikuwa sawa na kwa watu wote. Hapo hakuna mutu angesema tena ni bahati mbaya. Na wale walioingia kazi nyuma ya 1923, wakati kiwanda kilibadilisha namna ya kufanya kazi, hakuna hata mumoja aliyeonekana na kansa ya pua.

Mu 1965 Hill aliambia wanganga wa wafanyakazi jambo moja: sayansi haimalizike hata siku moja, lakini ile haitupatie ruhusa ya kungojea wakati tunajua tayari vya kutosha.

Alikufa mu 1991, akiwa na miaka 93.

Angalieni vizuri: hesabu ya Wales iliwezekana juu majina yalikuwa mu liste, hata ya wenye walikwisha kuacha kazi. Kwetu, muchimbaji wa mukono hana liste. Akikohoa, anarudi mu kijiji. Akikufa, analiliwa, lakini hahesabiwi. Basi carnet ya hopitali, picha ya mapafu, karatasi ya kazi: muviweke nyumbani. Bila majina, hata Hill hangeona kitu.