Tiny Rowland: Bwanyenye aliyeikuza Lonrho kupitia milango ya ikulu

WAKATI walowezi wengi walipokuwa wakiuza mali zao Afrika kwa kuhofia serikali za Waafrika, Roland Walter Rowland alikuwa akinunua.

Mfanyabiashara huyo, aliyefahamika kote kwa jina la utani Tiny ingawa alikuwa mrefu wa kimo, alizaliwa Novemba 1917 katika kambi moja nchini India. Waingereza walikuwa wamewazuilia humo raia wa Ujerumani wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza. Jina la babake, Fuhrhop, alilitupa mwaka wa 1939 akiwa Uingereza.

Mwaka wa 1948 alihamia Rhodesia, ambayo leo ni Zimbabwe, akawa mkulima kisha mfanyabiashara. Mnamo 1961 alikabidhiwa usukani wa Lonrho, kampuni ya migodi na mashamba isiyokuwa na sifa kubwa.

Miaka michache baadaye kampuni hiyo ilikuwa na mashamba ya miwa Malawi ya Rais Kamuzu Banda, na mwaka wa 1968 ikatwaa migodi ya dhahabu ya Ashanti nchini Ghana. Rowland alizuru miji mikuu kwa ndege yake binafsi, akizungumza na marais ana kwa ana. Alijua kwamba katika mataifa machanga, leseni, ardhi na kibali cha kuagiza bidhaa vilitoka kwa watu wachache mno.

Hapa Kenya, Lonrho ilinunua gazeti la East African Standard mwaka wa 1967. Ilimiliki pia mashamba makubwa ya miwati karibu na Eldoret na hoteli za kifahari, Norfolk ikiwemo. Kiti cha mwenyekiti wa tawi la Afrika Mashariki kilikaliwa na Udi Gecaga, mkwewe Mzee Jomo Kenyatta. Mzee alipofariki Agosti 1978 na Daniel arap Moi akaingia mamlakani, Gecaga hakudumu. Baadaye aliyevuma katika uongozi wa kampuni hiyo nchini alikuwa Mark Too, mwandani wa Moi. Biashara ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni ikulu ilikoelekea.

Hata hivyo, faida ya namna hiyo ilikuwa na kasoro. Sehemu kubwa yake ilionekana vitabuni tu, kwani sheria za fedha za kigeni zilizuia mapato kutolewa katika nchi yalikochumwa. Kufikia 1971 kampuni iliyosifiwa kwa ukuaji wake ilikuwa hoi kwa uhaba wa pesa taslimu.

Mwaka wa 1973 wakurugenzi wanane walijaribu kumng'oa. Ilifichuka kwamba Duncan Sandys, aliyewahi kuwa waziri wa Uingereza, alilipwa fedha kupitia visiwa vya Cayman, na Waziri Mkuu Edward Heath akaikemea kampuni hiyo bungeni. Wenyehisa, waliokuwa wameonja gawio, walimuunga mkono Rowland kwa wingi wa kura.

Si kila rais aliyeshawishika. Mwaka wa 1978 Mwalimu Julius Nyerere aliifukuza Lonrho Tanzania na kutaifisha mali zake, kwa sababu ya uhusiano wake na tawala za wazungu kusini mwa Afrika. Mali iliyokusanywa kwa miaka mingi ilipotea kwa agizo moja.

Ni haki kutaja pia kwamba mtandao huo wa marafiki ulisaidia kuwaleta waasi wa Renamo mezani, hadi mkataba wa amani ya Msumbiji ukatiwa sahihi Roma, Oktoba 1992. Nelson Mandela alimtunuku nishani mwaka wa 1996.

Kufikia wakati huo Rowland alikuwa amekwisha kusukumwa nje ya kampuni yake na Dieter Bock, Mjerumani ambaye yeye mwenyewe alimkaribisha. Standard iliuzwa mwaka wa 1995. Rowland alifariki London Julai 1998, miezi michache baada ya biashara za Afrika kutenganishwa na migodi.